Choo cha majivu kilikuwa kinanuka, nilivyokirekebisha

Kwetu Kigogo huku bondeni masika ikifika shimo la choo linafurika uani na watoto wanapita humohumo, inauma sana. Nikajenga choo cha ikolojia juu ya ardhi, chini vyumba viwili vya tofali vya kukusanyia kinyesi kikavu, mkojo unatengwa. Wiki ya pili harufu, nzi kibao, wapangaji wakagoma. Kufungua nakuta uji mtupu, kumbe watu wanatawaza palepale juu ya tundu! Nikaweka sehemu ya kutawazia pembeni na bomba lake mpaka kwenye migomba, halafu ndoo ya majivu na kopo, ukimaliza unamwagia kopo zima. Siku chache pakakauka, harufu ikakata. Chumba kikijaa nakifunga mwaka mzima ndo nifukue, tunahamia cha pili.