Nilivyopima ulaji wa mafuta wa boti yetu pale bwawa la Nyumba ya Mungu, Kilimanjaro

Boti yetu ikienda kilomita 9.3 kwa saa inakula lita 1.9 za dizeli kwa saa. Ikienda kilomita 12.4 inakula lita 7.6. Namba hizo mbili zimenichukua karibu miezi mitatu kuzipata, na ningezipata ndani ya wiki moja kama nisingesikiliza watu.

Ni boti ya faiba, urefu mita 7.6, ina kibanda cha kujikinga jua na injini ya dizeli ya ndani yenye nguvu ya farasi 40. Tuliinunua Tanga mimi na kaka yangu, tukaipandisha kwa lori hadi Moshi, kisha bwawani upande wa Lang'ata. Jumamosi tunabeba wageni, na tukirudi mjini hatukosi perege wa nyumbani.

Aliyetuuzia alisema, "Hesabu lita nane kwa saa, hutakosea." Tulikosea mwaka mzima. Lita nane ni kweli, lakini ni za injini iliyokandamizwa hadi mwisho. Injini ya dizeli ya kawaida hula karibu lita 0.2 kwa kila farasi mmoja kwa saa, kwa hiyo 40 mara 0.2 ni nane. Tatizo ni kwamba hakuna anayetembea hivyo siku nzima. Sisi tuliiamini ile nane, tukawa tunabeba madumu matatu ya lita ishirini kwa safari ambayo leo naimaliza na mafuta ya dumu moja dogo. Uzito wa madumu yenyewe ulikuwa unakula mafuta.

Halafu kuna ushauri wa madereva. Jirani yangu wa mtaa wa Soweto, Moshi, mtu wa mabasi, alinihakikishia: "Kaka, chombo kikishachanganya, mafuta yanashuka. Usikitembeze kinyonge." Kwa basi ana haki, kwa sababu lina gia ya juu ya kupumzisha injini. Boti ina gia moja ya mbele. Propela ikizunguka zaidi, inasukuma maji mengi zaidi, na maji hayana mteremko. Nguvu inayotakiwa hupanda karibu kama mizunguko mara yenyewe, mara yenyewe tena: ukishusha mizunguko hadi asilimia 70 ya mwisho, unabaki na 0.7 mara 0.7 mara 0.7, yaani karibu theluthi moja tu ya mzigo. Nilipoielewa hesabu hiyo nilikaa nayo usiku kucha.

Lakini hesabu haimalizi kazi, lazima upime. Na hapo ndipo nilipoumia.

Kipimo cha mafuta cha kwenye tangi hakifai, kinacheza na mawimbi. Nikachukua dumu la lita tano linaloonyesha ndani, nikalichora mistari kwa kujaza lita moja moja, nikatoa mpira wa kuvuta mafuta kwenye tangi kubwa nikauingiza kwenye dumu. Tukatoka saa moja asubuhi, bwawa limetulia kama sahani. Mizunguko 1,800 kwa dakika, dakika ishirini. Lita tatu na nusu zikawa zimekwenda! Hiyo ni zaidi ya lita kumi kwa saa. Nikarudia, yakawa yale yale. Kaka akasema tuuze boti, nami nikakubali. Nikampelekea fundi pampu na nozeli, akazipima, akanitoza kama laki moja na nusu, akasema ni nzima. Sikumwamini.

Mtu aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa pampu kule mtaa wa Pasua, Moshi, wa siku nyingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, ritani umeielekeza wapi?"

Nilibaki kimya. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma, na yanayobaki hurudi tangini kwa bomba la pili, ndiyo ritani. Nilikuwa nimehamisha bomba la kuvuta tu. La kurudisha nilikuwa nimeliacha kwenye tangi kubwa, kwa hiyo dumu lilikuwa linamwagia tangi, nami naandika kwenye daftari kwamba injini imekula. Mzee akaongeza: "Na injini ya farasi arobaini haiwezi kula kumi hata ukiipiga fimbo. Namba yenyewe ilikuwa inakwambia." Kweli. Kabla hujapeleka kitu kwa fundi, linganisha na ile 0.2.

Wiki iliyofuata mipira yote miwili ikaingia kwenye dumu. Nikakutana na shida nyingine: kwa mwendo mdogo, dakika ishirini zinakula theluthi moja ya lita tu, na kwenye dumu pana huo ni upana wa kidole. Boti ikiyumba kidogo umeshapoteza kipimo. Nilichofanya najivunia mpaka leo. Sikusoma tena mistari ya ubavuni. Nilijaza dumu mpaka shingoni, pale penye wembamba, nikafunga uzi mwekundu. Baada ya kila mzunguko wa majaribio nazima injini, najaza tena hadi kwenye uzi kwa bomba la sindano ya mifugo ya mililita 60, lile la duka la dawa za ng'ombe, elfu chache tu. Nilichoongeza ndicho kilicholiwa, na kwenye shingo nyembamba tofauti ya mililita kumi unaiona kwa macho.

Kisha nikagundua dizeli inayorudi ina joto, na dizeli ikipata joto inatanuka. Lita tano zikipanda nyuzi ishirini zinaongezeka karibu mililita 80, na hizo zinapanda shingoni na kukudanganya kwamba injini imekula kidogo. Nikaliweka dumu ndani ya ndoo ya maji ya bwawa na kusubiri lipoe kabla ya kujaza. Ncha ya bomba la kurudisha iwe chini ya mafuta, vinginevyo unapata povu.

Mwendo niliupima kwa simu, dakika kumi kwenda na dakika kumi kurudi njia ile ile, nikachukua wastani, ili upepo usinipendelee. Haya ndiyo yaliyotoka: mizunguko 1,400, kilomita 7.4 kwa saa, lita 1.1. Mizunguko 1,800, kilomita 9.3, lita 1.9. 2,100 ikatoa 10.4 kwa lita 2.9. 2,400 ikatoa 11.3 kwa lita 4.3. Mwisho wake 2,900, kilomita 12.4, lita 7.6. Kitabu cha injini kinasema ifike 3,000, ila bwawa liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia.

Ziangalie vizuri. Kutoka 2,400 hadi 2,900 nimeongeza kilomita moja tu na mafuta yamekaribia mara mbili. Sababu iko majini. Boti inayolala kwenye maji hujichimbia bonde: wimbi moja omoni, yaani mbele, lingine tezini, yaani nyuma. Mwendo ukizidi, wimbi la nyuma linaachwa, tezi inazama, na unabaki unapanda kilima ulichokitengeneza mwenyewe. Mpaka wa mwendo huo unaujua kwa kupima urefu wa boti pale inapogusa maji, kwa mita, kutafuta kipeuo cha pili na kuzidisha kwa 4.5. Yetu ni mita 6.8 majini, inatoka kilomita 11.7 kwa saa. Mimi nakaa kwenye asilimia 80 ya hapo. Boti nyepesi zinazoinuka na kuteleza juu ya maji zina tabia yake. Kwao mwendo mbaya kuliko wote ni wa katikati, pua ikiwa angani.

Usigawe kwa saa peke yake. Gawa lita kwa kilomita, kwa sababu unakwenda mahali. Safari ya kilomita 30, kwenda na kurudi, kwa 1,800 ni lita sita na saa tatu na robo. Kwa kukandamiza ni lita kumi na nane, na umewahi kwa dakika hamsini hivi.

Wapo wanaosema basi nenda kinyonge kabisa. Kwa hesabu tupu 1,400 ni nafuu zaidi, lakini upepo wa mchana ukikupiga usoni unasimama pale pale huku injini inakula, na injini ya dizeli ikizungushwa bila mzigo muda mrefu inajaza masizi. Mwezi wa tatu niliona kwa 1,800 tunapata 8.5 tu. Nikazamisha mkono chini: ukungu wa kijani umejaa. Tukaisugua siku nzima, namba ikarudi.

Mafuta bado nagawa kwa tatu: ya kwenda, ya kurudi, na theluthi ambayo haiguswi, na ya chini kabisa ya tangi siyahesabu maana bomba haliyafikii.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita, kilomita 30. Niliandika lita sita kwenye daftari kabla ya kutoka. Jioni nikajaza tangi tena kwa jagi la lita: sita na nusu. Ile nusu ni upepo wa saa nane, ulitukuta tunarudi.