Dakika kumi za kwanza ni za farasi

Leo asubuhi nimetoka na farasi jike mmoja wa miaka 19, saa kumi na mbili na nusu, na mnajua hapa Karen, Nairobi, mwezi wa saba saa hizo, baridi inaingia hadi kwa mifupa na nyasi zote ni umande. Hatua za kwanza ungeapa ni mgonjwa. Miguu ya nyuma anaiburuta, mgongo umekaza kama ubao, shingo iko juu. Sikumgusa na kisigino wala sikuvuta kigwe, ile kamba ya kumwongoza, nilimwachia kichwa tukatembea tu apashe mwili joto.

Njia yetu ni udongo mwekundu so nyayo zinaonekana poa sana. Ukigeuka uangalie nyuma, mwanzo kwato ya nyuma inaanguka kama kiganja kizima kabla ya kufika kwa alama ya ile ya mbele. Dakika ya tano inakaribia. Dakika ya kumi na kitu hivi ikaanza kukanyaga palepale kwa alama, mara ingine inapita, halafu akapuliza pumzi ndefu puani, prrrrr, shingo ikashuka, nikajua sasa amefunguka. Hapo ndio nikamwomba troti, zile mbio nyepesi. Hii ya nyayo nilifunzwa na mzee aliyeniingiza kwa kazi ya usaisi, kutunza farasi, na mpaka leo naiamini kuliko saa ya mkononi.

Naandika hii juu kila wikendi naona watu wanafika wamechelewa na jam ya Ngong Road, wanapanda, dakika mbili wako kanta, mbio za kasi kuliko troti, ati saa yao waliyolipia inaisha. Inaniuma kweli. Huyo farasi amesimama kwa boksi, chumba chake cha kulala, usiku kucha, na angekuwa nje angekuwa anatembea akila pole pole hadi asubuhi. Halafu angalia mguu wake, kutoka goti kushuka chini hakuna nyama, ni mfupa, kano na ngozi, na kano hazipati damu nyingi kama misuli kwa hivyo zinachelewa kulegea, na juu yake kuna kilo 450 ama 500 pamoja na wewe. Moyo wake akiwa ametulia unapiga mara 30 hadi 40 kwa dakika, akipiga shoti unapita 200. Tena ana bandama kubwa inayoweka akiba ya damu, akianza kazi inajikamua na kumwaga chembe nyekundu mwilini. Hiyo mashine yote inataka muda iwake.

Mimi mwenyewe niliwahi kunyamaza. Nilikuwa saisi mgeni, mteja akataka kukimbia tangu getini, nikaogopa kumwambia ngoja. Farasi alirudi anachechemea kidogo sana, mteja hata hakuona. Jioni nikapitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, pale kwa kano, nikakuta joto, na pamevimba pametoka nje kama mgongo wa ndizi. Daktari akasema nyuzi za kano zimechanika. Miezi tisa. Kila asubuhi na jioni nilikuwa nimechuchumaa hapo na mpira wa maji baridi, yeye ananinusa kofia, na kuruka viunzi hakurudi tena.

Sasa mteja akinikasirikia namwacha akasirike. Mkanda wa tandiko unaopita tumboni mwa farasi nafunga taratibu, tundu moja, tunatembea kidogo, halafu naongeza. Kutembea ni dakika 10, na kama ni baridi ama farasi ni mzee ni 15, kigwe kikiwa kimelegea. Baadaye troti nyepesi, miduara mikubwa, kushoto na kulia sawasawa, kisha kanta fupi kila upande. Wa kuruka anaanza na fito zilizolazwa chini. Kuna wenye kumzungusha farasi kwa kamba ndefu badala ya kumtembeza, mimi sipendi ikiwa mduara ni mdogo, viungo vinapindwa bado vikiwa baridi.

Jumamosi nina watoto watatu wa kufunza. Nitawaambia wafuatane kwa ile njia nyekundu, wa nyuma aangalie nyayo za wa mbele, akiona kwato ya nyuma imefika kwa alama ndio aniite.