Anayepiga ni nani?

Wiki hii wifi kajifungua mapacha (wazima wote, asanteni kwa meseji) na baba Neema ndo kaanza kazi Dodoma, ila kichwani mwangu kuna kitu kimoja tu, Baba Mdogo wa mume wangu, mpiga dramu wa zamani, kamaliza kusikiliza nilivyomrekodi, anavua hedifoni taratibu, anazilaza kitandani, ananiambia, "Imetoka safi sana mkwe. Sasa anayepiga ni nani?"

Nikamwambia ni wewe baba.

Akasema, "Ahaa."

Basi. Akaniuliza nitaondokaje bila kula.

Hiyo ahaa nimeigeuza pande zote jamani. Kuna ahaa ya mtu aliyeelewa, kuna ahaa ya mtu asiyetaka kukuumiza, na kuna ile ya wazee wa Magomeni, maana yake maongezi yameisha. Usiku nimempigia baba Neema nikamuigizia zote, akasema mke wangu mimi kesho naamka saa kumi na moja. Hata wodini, nimepakata pacha mmoja, namuuliza wifi hivi Baba Mdogo akisema ahaa huwa anamaanisha nini, ananiangalia tu, mtu katoka kushonwa.

Mnakumbuka nilisema ipo siku nitamrekodi kabla zile dramu hazijaenda kwa wa vyuma chakavu. Ndo nimemrekodi sasa. Intafesi yangu (kisanduku cha kuchomeka maiki kwenye kompyuta) ina tundu nne na moja limekufa, kwa hiyo maiki ni tatu, hamna namna, kondensa mbili (zile maiki zinazodaka kila kitu) na ile dainamiki yangu ya harusini. Najua watu wanaweka maiki kwenye kila ngoma na nyingine za akiba, wawe na amani.

Njia yenyewe ni ya Glyn Johns, fundi mitambo wa Kiingereza, ndo huyo alikuwa na Led Zeppelin, bendi ya roki, pale Olympic Studios London mwaka 1968 wanarekodi albamu yao ya kwanza. Maiki moja unaiweka juu ya snea (ngoma ya katikati, yenye mlio mkali), mita moja hivi, inaangalia chini. Ya pili inakaa pembeni upande wa tomu ya chini (ngoma kubwa ya pembeni), imepita ukingo wake kidogo tu, inachungulia snea na haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) kwa ng'ambo. Ya tatu mbele ya kiki (ya mguu, sio zile za Insta). Sasa kazi iko hapa, kutoka katikati ya snea mpaka maiki ya juu na kutoka hapohapo mpaka ile ya pembeni umbali lazima uwe sawasawa. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, maiki moja ikiizidi mwenzake kwa sentimita 34 tu basi snea inafika kule imechelewa milisekunde moja, ukija kuzichanganya wimbi la huku linapanda la kule linashuka, wanauana, na ikichelewa hivyo kinachoanza kuumia ni pale kwenye hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), ndani ya sauti ya snea yenyewe. Unabaki na kitu kinalia kama debe.

Kwa hiyo unapima. Mimi nilikuwa na tepu ya cherehani, na mtu wa kunishikia ncha moja pale kwenye snea ni Baba Mdogo mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, mkwe kapiga magoti miguuni kwake anasema baba naomba shika hapo usiachie. Mama yangu angeingia wakati ule angetoka bila kuaga.

Chumba ni kile cha vijana, silingi iko chini, maiki ya juu imeikaribia mno, matoazi yanagonga juu yanarudi. Nikafunga mablanketi mazito kwenye ndoano za chandarua ikatulia kiasi. Na msiniambie habari za trei za mayai, trei za mayai ni pambo. Halafu ndani ya kiki tukakuta sweta ya shule ya baba Neema, ya msingi kabisa, nembo bado ipo, kumbe miaka yote ndo inayoizuia kiki isivume. Sijaitoa, inajua kazi. Nikageuza poleriti ya kiki (wimbi linapinduliwa juu chini) kwenye kompyuta nikasikiliza huku na huku, upande mmoja kiki ina tumbo upande mwingine imekonda, nikaacha yenye tumbo.

Kilichonitesa ni haihati. Ukiwa na maiki chache huwezi kuishusha haihati baadaye, haina maiki yake, imo kwenye zote, ukiivuta chini inaondoka na snea. Anayemiksi ni mpigaji, kwa mikono yake, palepale anapopiga. Na Baba Mdogo mkono wa haihati ni mzito, kaupata kwenye kumbi ambazo hasikii kitu asipogonga kwa nguvu. Sasa unamwambiaje mkweo apunguze mkono? Nikatoka uani nikampigia baba Neema, nikamwambia mpigie Baba Mdogo umwambie haihati iwe laini. Narudi chumbani simu inaita mbele yangu, mzee anapokea, "Eeh... eeh... sawa. Kwani mwenyewe hana mdomo?"

Nikajifanya nakunja kebo.

Ila teki iliyofuata (aliporudia kupiga), loh. Haihati imekaa chini inanong'ona, snea imepanda, kiki inatembea, wala sikugusa kitu. Mwishoni jogoo wa jirani kaingia, kondensa haina siri, nimemwacha. Nyumbani nikaweka kompresa kidogo (inabana sauti kubwa isiizidi sana ndogo), nikasogeza maiki ya pembeni upande mmoja na ya juu nusu upande wa pili, basi, sijabandika kiki ya kompyuta, sijanyoosha tempo. Ndo maana lile swali limenichoma. Ningekuwa nimemchakachua ningeelewa. Lakini ni yeye mtupu, halafu ananiuliza anayepiga ni nani!

Kuna rafiki yangu kaniambia tatizo ni maiki, ongeza. Nikamwambia Andy Johns, mdogo wake huyohuyo Glyn, alimweka John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, chini ya ngazi kwenye nyumba moja inaitwa Headley Grange, akaning'iniza maiki mbili za Beyerdynamic M160 huko juu ghorofani, albamu ikatoka 1971 na mafundi mpaka leo wanazililia zile dramu. Akasema sawa lakini wewe una ngazi? Hiyo nimekosa jibu.

Jumatano nikaenda kumrudishia kaseti zake, zile alizorekodi redioni bendi yake ilipokuwa inapigwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), na kabla ya kuzirudisha nikazisikiliza tena, safari hii nazitafuta dramu tu. Hazipo jamani! Yaani zipo, lakini mbele kuna waimbaji, kuna magita yanajibizana, tarumbeta zikiingia ndo kabisa, tumba nazo zinadai haki yao, dramu zimebaki kijihaihati kwa mbali. Mwenyewe alishanihadithia walivyokuwa wanaingia wote chumba kimoja, akikosea mmoja mnaanza upya, na mpiga dramu anasukumiwa kona asije akawafunika waimbaji. Na kwenye kigoda chake je, anasikia nini? Haihati iko sikioni, snea iko mapajani, kiki anaisikia kwa mguu zaidi. Pale juu ilipokaa maiki yangu hakuna mtu aliyewahi kuweka sikio.

Nikasimama katikati ya chumba na kaseti mkononi. Mzee kaanza kupiga kabla sijazaliwa na huenda hajawahi kukutana na huyu mpigaji ninayemsikia mimi. Basi ile ahaa ikaanza kunibadilikia, ikawa nyingine kabisa.

Halafu Ijumaa kijana wa shangazi yao kanipigia, kumbe babu kamwomba amwekee kwenye flashi, anaenda nayo kwenye kijiwe cha bao, anaichomeka kwenye redio ya mwenye duka halafu anawauliza wenzake, "Huyu anayepiga mnamjua?" Wanataja watu. Wanabishana. Eti wametaja mpaka marehemu, na jogoo wamemsifia. Yeye kimya anahesabu kete. Nilicheka kwenye daladala mpaka konda akaja kunidai nauli mara ya pili, kaona huyu hayuko sawa.

Ila hajawaambia. Kijana anasema mpaka wanafunga duka hajawaambia. Sasa hapo ndo sijui, anajivuna au bado anauliza kweli? Nataka kurudi na nyimbo nyingine mbili, safari hii maiki ya juu nitaishusha kidogo, na haihati nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, baba naomba, nikifika pale tutaona.

Baba Neema kasema nisiwe na wasiwasi, lakini yuko Dodoma, kwake rahisi. Mwenye nyumba kanitumia meseji, "Mama Neema tuonane Jumapili jioni." Hajasema kuhusu nini. Kodi imelipwa, maji tumelipa, na huyu baba siku zote huwa anapiga, hajawahi kuandika meseji toka tuhamie.