Mtoto wa Moro kwenye jumba la mabomu, Kambodia

Mimi nimekulia Moro, yaani Morogoro, na kwetu wale panya buku wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, kila mtu anawajua. Ukipita alfajiri unawaona wamefungwa kamba, wanakwenda na kurudi kwenye majani, masikio yamepakwa mafuta ya kuzuia jua, sisi watoto tunachungulia weee tunacheka halafu tunakimbia shule. Nilijua wanafundishwa kutafuta mabomu, basi, sikuwahi kujiuliza zaidi.

Mwezi uliopita nilikuwa Kambodia nikakodi bajaji hadi jumba la makumbusho la mabomu ya ardhini, nje ya mji wa Siem Reap kama kilomita 25. Mwanzilishi wake anaitwa Aki Ra. Wazazi wake waliuawa enzi za Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala Kambodia kwa mauaji miaka ya 1970, wauaji haohao wakamlea na kumpa bunduki akiwa bado mtoto, akafundishwa kutega mabomu, na baadaye akarudi porini kuyategua, mwanzoni kwa kijiti na kisu tu jamani, hana hata kofia ya kujikinga. Yale aliyoyategua yamerundikwa kwenye kibanda cha vioo, lundo kwelikweli, ukisimama hapo unajiona kwenye kioo na mabomu yako nyuma ya uso wako.

Lililonikaa moyoni ni moja dogo la Kichina, Type 72, la plastiki ya kijani, saizi ya kopo la kiwi ya viatu. Ndani ni gramu 50 hivi za baruti ya TNT. Mara nyingi halikuui, linaondoka na mguu, na walilitengeneza hivyo makusudi, maana askari akifa anaachwa lakini akiumia wenzake wanaacha kupigana wambebe. Sasa huyo ni askari. Mama aliyekwenda kuchanja kuni anabebwa na nani? Tangu 1979 waliouawa au kujeruhiwa nchini humo na mabomu haya na mengine yaliyobaki vitani ni zaidi ya 64,000, na mtoto aliyekatwa mguu ndo mtihani kabisa, kwa sababu anakua, mguu wa bandia inabidi abadilishiwe kila baada ya miezi sita hivi.

Hapo ndo nikawaelewa panya wetu. Plastiki ile ina chuma kidogo mno, na mashine ya kutafuta chuma inalia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda, ila panya ananusa baruti yenyewe na kwa kilo yake moja na kidogo hawezi kulilipua. Magawa, panya mzaliwa wa SUA aliyefanya kazi hukohuko Kambodia, alikuwa anamaliza eneo la kiwanja cha tenisi kwa dakika 30, kazi ambayo mtu na mashine yake anaweza kuifanya siku nne. Alipata mabomu ya ardhini 71 na medali ya dhahabu mwaka 2020, akafa Januari 2022.

Nikaendelea hadi hekalu la Banteay Srei, hapo jirani. Njiani kuna wazee wanapiga muziki wamekaa mkekani, wote ni majeruhi wa mabomu, mmoja mguu wake wa bandia ameuvua kauweka pembeni na kiatu chake bado kimefungwa kamba vizuri. Nikatoa nilichokuwa nacho, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. Akatabasamu, akakwaruza mkeka kwa vidole viwili, vilevile panya anavyokwaruza ardhi akishapata bomu.