Wifi Akila Halua, Mimi Natembea

Watu wa bara hudhani mtu wa Lamu hawezi kukosa mazoezi, maana vichochoro vyetu havipitishi gari. Na waje wakae na fundi wa nguo. Kutwa niko kwenye cherehani hapa Langoni, na Idd ikikaribia hata chai naletewa palepale. Sukari yangu ya kabla ya kula ilipofika 6.6, nesi akaniambia kisukari huhesabiwa kuanzia 7, kwa hiyo nafasi bado ninayo.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma uchumi chuo kikuu, akaniletea saa janja ya kuhesabu hatua. Mwanzoni niliivaa kama bangili. Ndani yake mna kihisi kinachofuata mtikiso wa mkono: nikikanda unga wa chapati inahesabu hatua, nikikanyaga cherehani mchana kutwa haioni kitu. Lengo la hatua 10,000 iliyokuja nalo nililifuta. Kumbe hesabu hiyo ilianzia kwenye jina la kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikutoka kwa daktari.

Kilichoniinua kitini ni pesa. Kijana alinieleza kuwa mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza hushinda furaha ya kupata kiasi kilekile. Kisha akanipa habari ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa 2016: wafanyakazi 281, lengo hatua 7,000 kwa siku. Kundi moja lililipwa dola 1.40 kwa kila siku ya kufikisha. Jingine lilitengewa dola 42 mwanzo wa mwezi, zikawa zinakatwa 1.40 kila siku wasipofikisha. Pesa ni zilezile, lakini waliokatwa walifikisha asilimia 45 ya siku, waliolipwa 35, na wasioahidiwa chochote 30.

Basi nikampa wifi yangu shilingi 1,500 za mwezi. Jioni anaitazama saa. Nisipofikisha 7,000, hamsini zinatoka. Tukakubaliana ziende madrasa.

Hapo mpango ukalegea. Hamsini ya sadaka haiumi! Jioni ya uvivu nilijiambia angalau nimepata thawabu, nikajinyoosha. Wifi akaliona hilo kabla yangu. Akasema kuanzia sasa ni zake, na akawa ananunua halua, anakuja kuila mbele yangu na kahawa, taratibu, akilamba vidole. "Wifi, yeo umenilisha, Mungu akuzidishie." Sadaka natoa kando siku hizi, na viatu viko mlangoni tangu alasiri.

Njia yangu ni ya ufukweni kwenda Shela, kama kilomita tatu. Kwenda na kurudi lengo linapita. Tatizo ni bamvua: siku hizo maji hujaa jioni, sehemu nyingine njia inamezwa, na buibui haliendani na kuvuka maji. Wifi hakubali bahari kuwa udhuru, na sawa yake, kwa sababu ukiruhusu udhuru mmoja unazaa wenzake. Siku za bamvua nazunguka mitaani, Langoni hadi Mkomani na kurudi, nikiwapisha punda na kujibu salamu kila baraza.

Nilipopimwa tena sukari ilikuwa chini ya 6. Mikate nayo nimepunguza, kwa hiyo siwezi kuipa saa sifa zote.

Wengi huniuliza kwa nini sijaacha mambo ya pesa ilhali nimeshazoea. Katika utafiti uleule, malipo yalipokoma tofauti kati ya makundi haikuonekana tena. Mimi sina ubavu wa kuwashinda watu 281. Ramadhani tu ndiyo tunalegeza: natembea baada ya tarawehe, lengo linashuka, na hamsini ikikatwa halua inaliwa baada ya magharibi. Wifi anadai Ramadhani ndiyo tamu zaidi.