Kazini minyoo, sinema minyoo

Wifi mkubwa alinitupia neno Jumapili, na leo Alhamisi usiku bado linanizunguka kichwani. Wala si neno baya. Angelisema mtu mwingine ningecheka nikaendelea na mambo yangu.

Tulikuwa kwa mama mkwe, Tabata. Mahari ya shemeji mdogo ilipokelewa Jumamosi bila vurugu, ukweni wametupa harusi Novemba, barua yangu ya kuongoza benchi la parasaitolojia, pale maabara tunapopima minyoo na vimelea vingine, hatimaye imetoka, na yote hayo ni kama yamempata mtu mwingine. Kilichobaki kichwani ni baraza la nyuma, sinia la pilau limebaki mifupa, watu wanapanga mwisho wa mwaka: kikao cha kwanza lini, sare rangi gani, Krismasi nani anakwenda wapi. Nikachomekea kwamba mimi tarehe 18 Desemba msinipangie kitu.

"Kuna nini tarehe 18?" wifi akauliza. Yeye ndiye mweka hazina wa kamati, tarehe zote zinapita kwake.

Kabla sijafungua mdomo Baba Nuru akanijibia. "Filamu yake hiyo. Ile ya jangwani, yenye minyoo wakubwa."

Wifi akaweka glasi chini taratibu. "Wifi yangu. Kazini minyoo, sinema minyoo. Hujachoka?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mama mkwe, ambaye hakusikia vizuri, akacheka kwa kuwa wenzake wanacheka. Nuru akajifunika uso na kanga ya bibi yake. Na Baba Nuru akacheka, tena kile kicheko chake cha kupiga goti.

Hapo ndipo panaponiuma. Huyu ndiye niliyekaa naye Mlimani Machi 2024, ilipotoka sehemu ya pili ya Dune (hii ya Desemba ni ya tatu), baada ya kusogezwa mbele kutoka Novemba kwa ajili ya mgomo wa waigizaji kule Marekani. Paul Atreides, yule kijana shujaa wa filamu, aliposimama kwenye tuta akimngoja mnyoo wake wa kwanza, Baba Nuru alikuwa ameshika bisi. Mkono ulikwama katikati ya safari, haukufika mdomoni mpaka Paul alipokwisha kupanda. Halafu akaniuliza maswali njia nzima mpaka Ubungo. Leo ni "filamu yake hiyo".

Basi tangu Jumapili natunga majibu. La Jumatatu lilinijia kwenye mwendokasi, na lilikuwa la ukali: "Wifi, nyumbani mawifi, kwenye tamthilia za Kituruki mawifi. Hujachoka?" Ningelisema pale pale ningeingia kwenye historia ya ukoo. Lilinijia nashuka Kimara, hakuna hata wa kumwambia.

La Jumanne lilikuwa la kitaalamu. Asubuhi nilikuwa na slaidi yenye mayai ya safura. Ganda jembamba kiasi kwamba usipopunguza mwanga wa hadubini linakupita, na ndani seli zimeshaanza kugawanyika. Likidondoka kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu linaanguliwa, na lava, yaani mtoto wa mnyoo, akikomaa anangoja mguu usio na kiatu. Nikainua macho nikamjibu wifi ambaye hayupo: safura anataka unyevu, mnyoo wa Arrakis, ile sayari ya jangwa ya Dune, maji ni sumu kwake. Ni kazi mbili tofauti, wifi.

Kwa sababu Frank Herbert, aliyeandika kitabu cha Dune, hakubuni dubwana la kutisha watoto tu. Alilipa mzunguko wa maisha, mishale na hatua, ule ule tunaochora chuoni. Chini kabisa ya jangwa kuna vijidude bapa vyenye ngozi ngumu ambavyo kazi yao ni kuyazingira maji na kuyafungia mbali, ili minyoo wakubwa wasifikiwe. Uchafu wao ukikutana na maji, hewa inajaa, jangwa linalipuka, na linatema juu vile viungo adimu (spice) ambavyo himaya nzima inauana kwa ajili yake. Wengi hufa kwenye mlipuko. Wachache wanaopona hulala ndani ya ganda miaka 6, wakiamka wamekuwa minyoo wa mita 3 hivi, na kati ya hao wapo watakaofika zaidi ya mita 400. Anayeona hayo ni uongo mtupu hajasoma askaris, mnyoo wa tumboni, ambaye lava wake huanguliwa utumboni, husafiri hadi ini, hadi mapafu, hukoholewa, humezwa upya, na kurudi pale pale utumboni kukua. Jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Nani kamtungia huyo?

Mara ya kwanza nilipokisoma kile kitabu, nakala ya mtumba niliyoiokota Posta bila jalada, vita na wafalme havikunishika. Kilichonishika ni kiambatisho cha nyuma kuhusu ikolojia. Na baadaye nikajua kwamba chanzo chenyewe kilikuwa mchanga wa kweli: mwaka 1957 Herbert, akiwa mwandishi wa habari, alikwenda Florence, jimbo la Oregon, kuandika makala juu ya wataalamu wa kilimo wa serikali waliokuwa wakipanda nyasi kuzuia matuta yanayohama. Makala haikutoka popote. Kitabu kilitoka 1965, baada ya wachapishaji karibu 20 kukikataa, na waliokikubali ni Chilton, watu waliokuwa wakijulikana kwa vitabu vya matengenezo ya magari. Habari ya Chilton inanifurahisha kila nikiikumbuka. Mahali fulani palikuwa na mtu aliyepanga gia boksi na Arrakis kwenye orodha moja.

Hayo yote ningemwambia wifi. Ila jana, nikiwa nafua, mazungumzo yale yalinirudia upya, na safari hii hayakukatikia kwenye kicheko. Kumbe kichwani nilikuwa nayakata pale panaponiuma na kuacha kipande kilichofuata.

Kwa sababu baadaye tuliosha vyombo pamoja, mimi nasugua yeye anasuuza. Akasema bila kuniangalia, "Sasa huyo kijana wako, mwisho anashinda?"

"Alishashinda kwenye ile ya pili, wifi. Hii ni ya baada ya kushinda."

"Mtu akishashinda kuna hadithi gani tena?"

Nikamweleza. Kitabu kinachotengenezewa filamu hii, cha mwaka 1969, kinaanza miaka 12 baadaye. Paul ndiye mfalme mkuu, wafuasi wake wamelibeba jina lake sayari kwa sayari kwa upanga, na siku moja anakaa anajihesabia mwenyewe: watu bilioni 61 wameuawa, sayari 90 hazina tena kiumbe hai. Watu wa jangwani walimpokea kwa sababu walikuwa wanamngoja nabii. Na walikuwa wanamngoja kwa sababu wale akina mama wa Bene Gesserit, umoja wao wa siri, walishaupanda utabiri huo zamani sana, uje kuwafaa wao siku wakikwama. Paul alijua umepandwa. Akautumia.

Wifi akashika sufuria chini ya bomba, maji yanamwagika bure, yeye ambaye watoto wanamkimbia kwa ajili ya maji.

"Kwa hiyo anajua kwamba si nabii?"

"Anajua jinsi unabii ulivyotengenezwa. Lakini yajayo anayaona kweli. Ndiyo maana ni shida."

"Wa kwetu alikuwa anajua," akasema. "Siku hizi nina hakika alikuwa anajua." Akafunga bomba, akaomba kitambaa cha kukaushia.

Mliokuwa hapa mwaka ule wa mafuta ya upako mnajua anamsema nabii gani, na kiwanja cha Kibaha kiliishia wapi. Sirudii. Kwenye ukoo ile habari haijatajwa tangu pale, wala Jumapili haikutajwa zaidi ya hapo. Tukaendelea na vijiko.

Kwa hiyo sasa hata sijui Desemba nangoja nini. Mwanzoni nilikuwa nangoja mnyoo, nisiseme uongo. Ule mtikisiko wa viti, mchanga ukianza kutiririka kabla hujaona kitu. Sehemu mbili za kwanza walichukua jangwa la kweli, Wadi Rum huko Jordan na matuta ya Abu Dhabi, na kwenye skrini kubwa inaonekana: mchanga ule una uzito.

Sasa nangoja kuona mwongozaji, Denis Villeneuve, atafanyaje na ushindi. Inasemwa kwamba wasomaji wa 1965 walimpenda Paul mno, wakati Herbert alikuwa anawatahadharisha na watu wa namna yake, na kitabu cha pili kilikuwa cha kulisema hilo wazi. Hakikupokelewa kwa shangwe. John Campbell, mhariri wa jarida lililokuwa limetoa hadithi ya kwanza kwa sehemu, alikikataa, kikaenda jarida jingine. Villeneuve analijua hilo, ndiyo maana kwenye sehemu ya pili alimgeuza Chani, mpenzi wa Paul wa kule jangwani, kuwa mwenye mashaka. Kitabuni Chani anabaki na Paul. Kwenye filamu anaondoka amekasirika, akamwita mnyoo wake mwenyewe. Sijui watamrudishaje bila kumdhalilisha, na lazima arudi, maana bila yeye kitabu cha pili hakisimami. Na Villeneuve ameshasema hii ndiyo ya mwisho kwake, kwa hiyo hakuna mahali pa kurekebisha baadaye.

Hofu yangu ni uzuri. Yule kijana Chalamet anayemwigiza Paul anapendeza, muziki wa Hans Zimmer unakushika kifuani, na kamera inajua kumfanya mtu aonekane mkubwa. Ile sehemu ya pili anapoingia kwenye kikao cha wakuu wa kusini na kuanza kupaza sauti, nilikuwa nimeshasoma kitabu, namjua ni nani na anawapeleka wapi, na bado nilitaka kusimama nipige kelele pamoja na Stilgar, yule mzee wa jangwani anayemwamini Paul kuliko wote. Mimi, mwenye kiambatisho. Wifi wakati ule alikuwa na mtoto mgonjwa na mtu mbele yake mwenye kipaza sauti. Nani amcheke.

Baba Nuru hajasoma, kwa hiyo hajui kwamba Duncan Idaho, yule aliyekufa kwenye sehemu ya kwanza, anarudi, wala anarudi akiwa nini. Wenzangu mnaojua, nyamazeni. Ndiyo adhabu yake kwa kile kicheko cha goti.

Jana usiku wifi kanitumia ujumbe: "Kuvunja kamati nimeweka tarehe 19 Jumamosi, sio 18." Basi, hakuna kingine. Nimeujibu kwa "asante wifi" na nimeusoma tena mara kadhaa, kama kuna kitu kimejificha humo. Hakuna, ni tarehe tu.

Jambo jingine, na hili halihusiani. Mama huko Korogwe anakohoa. Anasema ni "kidogo tu", lakini hata goti lilikuwa "kidogo tu" mpaka tulipomkuta haamki kitandani. Leo kwenye simu nimemsikia akiweka simu mbali ili nisimsikie anavyokohoa, na mdogo wangu anasema imeshapita wiki ya pili. Nimemwambia ampeleke kesho atoe makohozi, ya asubuhi, kabla hajanywa chai. Amesema sawa. Huwa anasema sawa. Saa kumi na mbili nitapiga, na nitataka kuongea na mama mwenyewe.