Vumbi la Urani na Ndoo Zilizotobolewa

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kwenda kujifunza kazi Namtumbo, kwenye eneo la madini ya urani la Mto Mkuju, alipita kwangu hapa Chumbageni kuniaga, na kabla chai haijapoa akaniuliza, "Mjomba, vumbi lile likishaingia kifuani, hutoka lini?"

Nimefundisha hisabati miaka mingi, kwa hiyo nilivuta daftari, nikamchorea ndoo kadhaa zilizotobolewa, kila moja ikivujia nyingine. Ndivyo wataalamu wanavyouchora mwili: pua, mirija ya hewa, vifuko vya mapafu, damu, figo, mifupa na utumbo ni vyumba, na kila chumba hupoteza kila siku sehemu maalumu ya kile kilichomo. Kuoza kwa urani yenyewe, yaani kupungua kwake kwa kutoa mionzi, hakuna haja ya kukuhesabu, kwa kuwa nusu ya urani-238 huchukua takribani miaka bilioni 4.5 kuoza.

Upande wa damu ni mwepesi kueleza. Katika mfano wa hesabu wa Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, karibu theluthi mbili ya urani iliyoingia kwenye damu hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja, asilimia 12 hivi hukaa kwanza kwenye figo, ambako nusu yake huondoka kwa siku 7, na asilimia 15 hushika kwenye mifupa. Figo ndizo za kuchungwa zaidi, maana urani ni metali nzito na huzidhuru kwa sumu yake ya kikemia.

Ugumu wote uko kwenye mapafu. Chembe zilizonasa katika mirija husukumwa juu pamoja na kamasi, zikamezwa, na nyingi ya hizo huishia chooni bila kugusa damu. Zile zilizofika kwenye vifuko husubiri kuyeyuka. Heksafloridi ya urani, yaani urani iliyoungana na florini, huyeyuka upesi, lakini oksidi, yaani urani iliyoungana na oksijeni, iliyochomwa kwa joto kali huyeyuka polepole mno, kiasi kwamba mfano huo huipa nusu-muda, yaani muda wa nusu yake kuyeyuka, wa siku 7000, au miaka 19 hivi.

Hapo nilimsimamisha kijana, kwa sababu ndipo wengi tunapoteleza: watu wawili wanaweza kutoa mkojo wenye urani sawa, mmoja akiwa amevuta kidogo cha kuyeyuka upesi na mwenzake amebeba kifuani mzigo mkubwa unaovuja tone kwa tone. Bila kujua vumbi ni la aina gani na lilivutwa siku ipi, kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi kurudisha hesabu nyuma hadi kiasi kilichovutwa, na kwa oksidi ngumu kinyesi cha siku za mwanzo hueleza mengi zaidi.

Nikamsisitizia apimwe mkojo kabla hajaanza kazi, kwa kuwa sote tunakojoa urani kidogo itokayo kwenye chakula na maji. Alicheka, akauliza kama hata maji ya mtungi wangu yanayo. Nikamjibu kwamba yanayo.